Gari la porini halijengwi kwa kimo

KILA mwaka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne hukutana porini nchini Kenya kushindana kwenye Rhino Charge. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 ili kuchangia ujenzi wa uzio wa kulinda msitu wa Aberdare. Uzio huo, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009.

Shabiki wa soka anaweza kushangaa, maana hapa hashindi mwenye mbio. Magari yana saa 10 za kufika vituo 13, na bingwa ni yule anayevimaliza vyote kwa kutembea umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo dereva hazunguki, anakata katikati ya makorongo, mawe na vichaka. Hapo injini kubwa peke yake haisaidii kitu kama springi, shokapu na tairi havifanyi kazi pamoja.

Tatizo ni kwamba vijana wengi wanaoupenda mchezo huu wakifika gereji wanauliza swali moja tu: gari linyanyuke kiasi gani? Ni kosa lile lile la klabu inayomwaga fedha zote kwa straika wakati haina kiungo mkabaji.

Kimo kina faida yake, kwa sababu tumbo la gari halisugui mawe. Lakini likinyanyuka, uzito nao unapanda, na kwenye mteremko wa ubavu kupinduka ni jambo la dakika moja. Zikizidi kama sentimita 5 bila marekebisho mengine, mipira ya breki inaweza kuvutika gurudumu linapozama shimoni, na usukani ukaanza kuyumba likiwa kwenye lami.

Kinachotafutwa porini ni gurudumu kukanyaga ardhi. Kwenye gari lisilo na loki ya difu, gurudumu linaloning'inia hewani ndilo linalozunguka bure, huku la upande wa pili limesimama tu. Ndiyo maana springi inayonyumbulika, na shokapu ndefu ya kuifuata inaposhuka, vina maana kuliko urefu wa kupigia picha.

Springi nayo ichaguliwe kwa mzigo ambao gari hubeba kila siku. Iliyo ngumu mno kwenye gari tupu italirusharusha kama mpira kwenye uwanja mbovu. Shokapu ndiyo inayoituliza springi. Ikipigwa muda mrefu kwenye barabara ya matutamatuta, mafuta yake hupata moto na inaacha kuzuia. Ya bei rahisi mara nyingi huchoka mapema.

Mpango mzuri basi ni huu: kwanza zibadilishwe bushi na shokapu zilizokwisha, halafu zifuate springi zinazolingana na mzigo, na kimo kije mwisho. Hata kabla ya kutoa hela, dereva ajifunze kupunguza upepo wa tairi anapoingia kwenye mawe au mchanga, na kuujaza tena kabla ya kurudi lami. Hilo halihitaji fundi.

Mafundi nao wana deni. Mteja akitaka kimo tu, aambiwe ukweli kuhusu breki na usukani, hata kama ataondoka amenuna. Waandaaji nao wasione haya kulirudisha nyumbani gari ambalo halijakamilika, hata kama mwenyewe ni mtu mkubwa.

Katika Rhino Charge, mbele ya gari huwa kuna wenzake dereva wanaokimbia kwa miguu kumtafutia njia. Gari likiporomoka, linaweza kuwaangukia hao. Timu haiwezi kuingia uwanjani na beki mgonjwa kwa sababu tu jezi yake inapendeza.