Uchaji Mungu Si Sera ya Mahindi

Imani kwamba serikali itanyooka siku itakapokabidhiwa mcha Mungu ina wafuasi wengi katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Husikika kwenye harambee za kanisa, matangani na kwenye foleni za malori yanayosubiri kupakua mahindi. Hoja yake ni nyepesi: wizi ndio maradhi, mcha Mungu haibi, basi mcha Mungu ndiye dawa. Dawa hiyo imekwisha kujaribiwa, tena katika wizara ambayo mkulima wa Kitale angeichagua mwenyewe kwa jaribio hilo. Kuanzia 1953 hadi 1961, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliongozwa na Ezra Taft Benson, mtume wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni. Alikuwa mwaminifu, msomi wa kilimo na mtu wa sala. Alipoondoka, maghala ya serikali yalikuwa yamefurika kuliko alivyoyakuta, na wakulima wengi hawakutaka hata kulisikia jina lake.

Benson alizaliwa tarehe 4 Agosti 1899 huko Whitney, kijiji cha wakulima katika jimbo la Idaho, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto 11. Kuanzia 1921 hadi 1923 alikuwa mmisionari nchini Uingereza. Alihitimu Chuo Kikuu cha Brigham Young mwaka 1926, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo katika jimbo la Iowa, kitovu cha mahindi cha Marekani. Baada ya hapo alirudi kulima shamba la nyumbani, na mwaka 1929 akawa afisa wa ugani wa wilaya, kazi ya kuwazungukia wakulima na kuwafundisha mbegu, mifugo na masoko. Alisaidia kujenga vyama vya ushirika Idaho, kisha mwaka 1939 akahamia Washington kuwa katibu mtendaji wa baraza la kitaifa la vyama vya ushirika vya wakulima. Kwa hiyo jaribio lake ni la haki. Hakuwa mhubiri aliyeokotwa mimbarani na kutupiwa wizara asiyoijua. Kama uchaji Mungu ukichanganywa na elimu ungetosha kuponya kilimo, kwake ungetosha.

Mwaka 1943 aliitwa kuwa mmoja wa mitume 12 wa kanisa lake, wadhifa ambao mtu hubaki nao hadi kufa. Mwaka 1946 kanisa lilimtuma Ulaya iliyobomolewa na vita, akasimamia ugawaji wa chakula na nguo kwa waumini waliokuwa wakilala njaa. Dwight Eisenhower alipochaguliwa kuwa rais mwishoni mwa 1952, alimwita Benson awe waziri, ingawa Benson alikuwa amempendelea mwanasiasa mwingine, Robert Taft. Rais wa kanisa, David O. McKay, alimruhusu, naye akaingia serikalini bila kuvua utume. Ilikuwa imepita takriban karne tangu mchungaji wa dini aketi katika baraza la mawaziri la Marekani. Miongoni mwa mapendekezo yake ya mwanzo ni kwamba vikao vya baraza hilo vifunguliwe kwa sala, na Eisenhower akakubali.

Tatizo lililokuwa likimsubiri halikuhusu sala. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliwaahidi wakulima bei ya chini kabisa kwa mazao makuu, kwa kiwango cha asilimia 90 ya bei iliyoitwa ya haki. Kipimo cha haki hiyo kilikuwa nguvu ya mkulima sokoni kati ya 1910 na 1914: gunia lililotosha kununua jozi ya viatu miaka hiyo lilitakiwa kuendelea kutosha. Bei ya soko ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, serikali ilibaki na mazao. Vita vilipokwisha mahitaji yalipungua, bali ahadi ilibaki, na ngano, mahindi, pamba na siagi vikaanza kurundikana katika maghala ya umma.

Benson aliliona rundo hilo kama dhambi kabla ya kuliona kama hesabu. Uhuru wa mtu kuchagua ni nguzo katika mafundisho ya kanisa lake, na mkulima anayelipwa na serikali alionekana kwake kama mtu anayeuza uhuru huo kidogo kidogo. Mwezi Aprili 1954 alishusha bei iliyodhaminiwa ya maziwa kutoka asilimia 90 hadi 75 ya bei ya haki, kwa mkupuo mmoja. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kilimo iliyoruhusu bei za mazao makuu kupanda na kushuka kati ya viwango hivyo. Matarajio yalieleweka kwa urahisi: bei ikishuka, mkulima atapunguza kulima, na rundo litayeyuka.

Mkulima hakupunguza. Mwenye mkopo wa trekta na ada za watoto hafungi shamba bei inaposhuka. Huzidisha magunia ili fedha zilezile zipatikane. Mbegu chotara na mbolea zilimrahisishia. Mavuno ya mahindi Marekani yalipanda kutoka takriban magunia 11 ya kilo 90 kwa ekari mwaka 1954 hadi 15 hivi mwaka 1960. Mwaka 1956 serikali ilianza hata kuwalipa wakulima waache mashamba bila kulimwa. Mwishoni mwa 1958 wakulima wa mahindi walipiga kura kuondoa mipaka ya ekari, jambo lililopatana na falsafa ya Benson, na mavuno ya 1959 yakavunja rekodi. Waliofaulu zaidi ni wenye ardhi kubwa na mitaji. Idadi ya mashamba ya Marekani, iliyokuwa zaidi ya milioni 5 mwaka 1950, ilikuwa chini ya milioni 4 mwaka 1959.

Hasira ilimfikia ana kwa ana. Mwaka 1957, kwenye mashindano ya kuvuna mahindi huko Sioux Falls, South Dakota, alirushiwa mayai akihutubia. Mwaka huohuo chama chake kilipoteza kiti cha Seneti cha Wisconsin, jimbo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na wabunge wa chama hicho kutoka majimbo ya kilimo wakamsihi rais amwondoe. Eisenhower alikataa, akimsifu kwa uadilifu wake. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli. Hakuna ushahidi kwamba Benson alijaza mfuko wake. Ila uadilifu haukumwambia namna ya kupunguza mavuno bila kumfukuza mkulima mdogo shambani. Na aliyeamini kwamba anatetea amri ya Mungu alipata shida kuafikiana na waliotaka bei ya juu kwa sababu za kawaida, kama kulipa deni la benki.

Wala uchaji haukumkinga asimtendee mtu isivyo haki. Mwishoni mwa 1954 wizara yake ilimkataa Wolf Ladejinsky, mtaalamu aliyesaidia kugawa upya ardhi nchini Japani kwa wapangaji wa mashamba, kwa madai kwamba alikuwa hatari kwa usalama wa taifa. Mtu huyo alijulikana kwa kuupinga ukomunisti. Idara nyingine ya serikali ileile ilimwajiri muda mfupi baadaye, jambo lililotosha kuonyesha uzito wa madai yenyewe. Aliyemwokoa Ladejinsky hakuwa mcha Mungu zaidi. Ladejinsky alikuwa na bahati ya kuwapo kwa ofisi nyingine yenye mamlaka ya kuamua tofauti.

Rundo lililobaki lilitafutiwa njia ya kutokea. Sheria namba 480 ya mwaka 1954 iliiruhusu Marekani kuuza ziada ya chakula nje kwa masharti nafuu au kuitoa kama msaada. Chakula hicho kimeokoa maisha ya watu wengi duniani. Kimelaumiwa pia kwa kushusha bei ya mazao ya wakulima wa nchi zilizokipokea. Wakenya walioishi wakati wa ukame wa 1984 wanayakumbuka mahindi ya njano yaliyoagizwa kutoka nje, na mkulima wa Bungoma hahitaji kufundishwa nini hutokea meli ya mahindi ikitia nanga Mombasa mwezi ambao yeye anavuna. Hayo ni matokeo ya sheria, maghala na tarehe za meli. Dini ya waziri haikuwa na nafasi humo.

Maisha ya Benson baada ya wizara yanatoa somo kali zaidi. Miaka ya 1960 alikisifu waziwazi chama cha John Birch, kilichokuwa kikiona njama za kikomunisti kila upande, na mwaka 1967 alitumia mkutano mkuu wa kanisa kudai kwamba harakati za haki za Wamarekani weusi zilikuwa zikitumiwa na wakomunisti. Wakati huo kanisa lake halikuwapa ukuhani wanaume wenye asili ya Kiafrika. Katazo hilo liliondolewa mwezi Juni 1978. Mwaka 1985 Benson akawa rais wa kanisa, akaliongoza hadi kifo chake tarehe 30 Mei 1994. Katika kiti hicho alikaa mbali na mabishano ya siasa, akasisitiza usomaji wa Kitabu cha Mormoni. Chini ya uongozi wake kanisa lilipanuka Afrika. Joseph Sitati, mhandisi aliyezaliwa Bungoma mwaka 1952, alibatizwa mwaka 1986. Kanisa lilitambuliwa rasmi Kenya mwaka 1991. Na mwaka 2009 Sitati akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia katika safu ya Viongozi Wakuu wenye Mamlaka wa kanisa hilo. Moyo wa Benson wa 1967 na wa 1986 ulikuwa wa mtu mmoja, na sala zake hazikupungua. Kilichobadilika ni kiti, mipaka yake na watu waliokuwa na haki ya kumzuia.

Ukanda wa Bungoma wenyewe una historia inayopinga imani hii kwa njia nyingine. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa tarishi wa mahakama ya Waafrika kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa. Nguvu yake haikutoka kwenye ajira hiyo ndogo ya serikali. Ilitoka nje ya serikali, alipoukabili ukoloni juu ya ardhi na mila za Wabukusu. Wakoloni waliipiga dini hiyo marufuku mwaka 1948 baada ya damu kumwagika Malakisi, na serikali ya Kenya huru ikaipiga marufuku tena mwaka 1968. Dini ya aina hiyo huibana serikali. Dini iliyokabidhiwa wizara hupewa gari, bendera na msimamo wa baraza la mawaziri wa kutetea. Kasisi Mutava Musyimi na Askofu Margaret Wanjiru, waliochaguliwa kuwa wabunge mwaka 2007, waliingia kwa tiketi za vyama na kuishi kwa ratiba za vyama, kama wabunge wengine wote.

Mtetezi wa imani hii atajibu kwamba Kenya si Marekani: huku tatizo ni wizi mtupu, na waziri asiyeiba tayari ni ushindi. Jibu hilo lina ukweli nusu. Uaminifu ni sharti la chini, na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inalidai kwa kila mwenye cheo, awe anasali au hasali. Lakini kola ya kichungaji haithibitishi uaminifu. Hujulisha kazi ya aliyeivaa tu. Aidha, madhara makubwa kwa mkulima wa mahindi yamepitia milango ambayo mtu mmoja mwema hawezi kuilinda peke yake. Mwaka 2017 Bodi ya Nafaka na Mazao ilinunua gunia kwa shilingi 3,200. Kwa mavuno yaliyofuata serikali ilitangaza shilingi 2,300, kisha kelele zilipozidi ikapandisha hadi 2,500. Mwaka 2018 kamati ya Seneti ilichunguza malalamiko kwamba wafanyabiashara wakubwa walilipwa mabilioni huku wakulima waliopeleka mahindi yao wakikaa miezi bila senti. Waziri mcha Mungu angeweza kusikitika kwa dhati juu ya hayo yote. Mkulima angebaki palepale, akimuuzia broka kwa bei ya kutupa kwa kuwa shule zinafunguliwa.

Kinachomlinda mkulima kinakaguliwa kwa macho. Ni mizani iliyopimwa, kifaa cha kupimia unyevu kinachoonyesha asilimia 13.5 kwa mwenye shamba na kwa tajiri vilevile, mashine ya kukausha inayofanya kazi mvua za Novemba zinaponyesha, daftari la waliopeleka mahindi lililo wazi kwa umma, na tarehe ya malipo inayodaiwa mahakamani ikipita. Ni pia utafiti: kituo cha Kitale kilitoa mbegu chotara 611 mwaka 1964, na Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ikaisambaza hadi kwa wenye robo ekari. Mbegu hiyo imeongeza unga mezani kuliko ahadi yoyote ya jukwaani, na hakuna aliyeuliza dini ya walioichavusha.

Mgombea anayekuja Kitale au Bungoma akiwa na Biblia mkononi anastahili heshima anayopewa kila muumini, na maswali anayoulizwa kila mgombea. Atatangaza bei kabla ya kupanda au baada ya kuvuna? Atafungua mipaka kwa mahindi ya nje mwezi gani, na kwa idhini ya nani? Nani atakagua maghala, na ripoti itasomwa wapi? Asiye na majibu hajawa tayari kwa kazi hiyo, hata akifunga siku arobaini.