Mandhari Ina Wenyewe

Kila nikisikia kuna shindano la picha za Nairobi, najua nitakachokipata ukutani kabla sijafika. Kutakuwa na matatu ya rangi kali. Kutakuwa na mabati, nyaya za stima zimesukana kama nywele, na mama mboga aliyechorwa kwa nyuma, hana uso. Kando yake kikaratasi cha Kizungu kinanielezea kwamba hiyo ndiyo Eastlands. Eastlands naijua, nakaa Kaloleni. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo lugha ya vikaratasi sina. Macho ninayo.

Sitazunguka mbuyu. Tuzo ya picha za mtaa ambayo haifiki mtaani ni tuzo nusu.

Sisemi wasanii wasituchore. Wengi wao ni wasee wa huku huku. Brush Tu walianzia Buruburu mwaka 2013. GoDown, ambao wameandaa Manjano, shindano na maonyesho ya sanaa ya kaunti ya Nairobi, walifungua milango 2003 pale Dunga Road, Industrial Area, si Karen. Manjano imewatoa vijana ambao hakuna galari ingewapigia simu. Hiyo heshima wapewe.

Shida yangu ni kuta. Kuta nyingi za maana za jiji hili ziko upande ule mwingine. Taasisi ya NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, iko ndani ya mall huko Rosslyn. Kazi yao ni safi, lakini kutoka Kaloleni ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa mtu wa kibarua hiyo nauli ni chakula cha mchana. Kwa hivyo mama mboga atasafiri hadi Rosslyn akiwa kwenye turubai, na yeye mwenyewe abaki Burma akikata sukuma.

Mwaka 2022 kundi la Wajukuu kutoka Lunga Lunga, Mukuru, lilienda kwenye maonyesho ya documenta kule Kassel, Ujerumani. Walifunika mlango wa ukumbi kwa mabati yenye kutu, mgeni akawa anaingia kama anayepita kwenye kichochoro. Walipewa Tuzo ya Arnold Bode. Nilifurahi kama ni mimi. Lakini jiulize: ni watu wangapi wa Mukuru wameiona kazi hiyo ikiwa imesimama? Wajukuu angalau wana kituo chao nyumbani, watoto wanashika brashi hapo. Mashindano yetu yangeanza kujifunza hapo.

Kaloleni inanihusu hapa kwa sababu yenyewe ilianza kama mchoro. Wakoloni waliijenga miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, wakifuata wazo la Waingereza la mji wa bustani: nyumba za mawe zimezunguka viwanja vya wazi, na social hall katikati. Aliyeichora hakuwa na mpango wa kuishi humo. Wakaaji ndio waliimalizia. Ile hall ikageuka bunge la wananchi, wazee wakaibatiza House of Commons, kina Tom Mboya na Argwings-Kodhek wakasimama pale kuhutubia. Hakuna ramani iliyoonyesha hayo. Ndiyo maana sikubali jopo la watu wanaopita Jogoo Road na vioo vimepandishwa liniambie ni picha gani imeushika mtaa vizuri.

Na muda hatuna. Pangani, nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa, magorofa yakapanda. Mitaa ya Eastlands inatajwa kwenye mipango ya kujengwa upya kila kukicha. Siku Kaloleni ikienda, zile picha zitakuwa ushahidi wa tulivyoishi, na ushahidi huo utakuwa umening'inia sebuleni kwa mtu asiyeweza kukuonyesha mlango wa nyanya yako ulikuwa upi.

Wataniambia wanunuzi hawaji Eastlands. Sawa, wapelekewe wiki ya tatu. Msanii anahitaji doo na simnyimi. Wataniambia hall haina taa za galari. Taa zinakodishwa, tunakodisha za harusi na za matanga kila wiki.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye masharti ya shindano lijalo. Picha za Eastlands zitundikwe kwanza Kaloleni Social Hall, wiki mbili, bila kiingilio. Vikaratasi viandikwe Kiswahili. Mmoja wa majaji awe mkaaji wa mtaa uliochorwa, mwenye kura sawa na wengine, na alipwe kama wao. Mama mboga akisimama mbele ya picha yake aseme hapo umenikosea, msanii ajibu.