Barazani kwa Mwalimu: Kelele au Sifa?



Mwezi huu nimeletewa neno na baba mmoja wa huku kwetu Pujini, nami naona si lake peke yake. Mwanawe hupenda kusikiliza nyimbo za watu wajiitao Wakristo, walakini magitaa yao yanguruma kama mashine ya kusaga, na mwimbaji apaaza sauti kama mtu aliyeunguzwa na moto. Baba akakataza, akasema kwamba ngoma ya Shetani haitapigwa nyumbani mwake. Tangu siku ile kijana haketi tena pamoja nao katika sala ya jioni. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba baba yake hakusikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho, na kwamba maneno ya nyimbo zile yanamtaja Yesu. Basi baba ataka kujua kama alitenda vema. Jambo hili si dogo, maana nyumba iliyozoea kusali nzima sasa yasali nusu.

Mwamuzi mwema hulijua shauri kabla ya kulikata. Kwa hiyo natutazame kwanza kitu chenyewe.

Muziki huu huitwa metali nzito, na asili yake ni Birmingham, mji wa viwanda katika Uingereza. Mpiga gitaa wa kundi la Black Sabbath, jina lake Tony Iommi, alikuwa kijana wa miaka 17 alipokatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati alimofanya kazi. Hakuacha gitaa. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi ili azibonyeze bila kuumia, hata sauti yake ikawa nzito na ya chini. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Nyimbo zao zilitaja giza na Shetani mara nyingi, na kwa sababu hiyo Wakristo wengi waliuogopa muziki wote wa namna ile, wasitenge maneno na sauti.

Miaka ilipopita, wakatokea vijana wanne katika California, Marekani. Wawili ni ndugu wa tumbo moja, Michael na Robert Sweet, na wenzao ni Oz Fox na Tim Gaines. Kundi lao wakaliita Stryper, na pamoja na jina hilo waliandika Isaya 53:5, mahali panaponena habari za mapigo ya Bwana yaliyotuponya. Kwa kuwa neno moja la Kiingereza lina maana ya mapigo na tena ya milia, walivaa nguo za milia ya manjano na nyeusi. Mwaka 1986 wakatoa santuri iitwayo To Hell with the Devil, maana yake kwa lugha yetu ni kama kusema, Ibilisi na aende zake Jehanamu. Katika Marekani iliuzwa zaidi ya nakala 1,000,000. Hakuna santuri ya Kikristo ya metali iliyopata kufika hapo kabla yake. Tena katika matamasha yao walizoea kuwatupia watu vitabu vya Agano Jipya kutoka jukwaani.

Wasikilizaji wa santuri ile waligawanyika mafungu matatu, na mafungu hayo yako hata huku kwetu.

Fungu la kwanza ni wale walioikataa kwa ajili ya dini. Mashuhuri wao alikuwa Jimmy Swaggart, mhubiri wa Marekani aliyejulikana sana katika televisheni. Mwaka 1987 alitoa kitabu cha kuupinga muziki wa roki wa kidini, akaufananisha na mbwa-mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo. Hoja ya watu wa fungu hili ni kwamba chombo kilichozoea kumtumikia adui hakiwezi kugeuzwa kikamsifu Mungu, na kwamba kuyatupa Maandiko matakatifu katika mkutano wa makelele ni kuyashusha heshima yake.

Fungu la pili ni wapenzi wa metali wasioijali dini. Wengi wao walicheka. Waliona kwamba watu hawa wameazima nguo ya wenyewe wapate kuhubiri ndani yake, na milia ile ya manjano na nyeusi ikawa mzaha vinywani mwao. Hata hivyo walikuwako walioukiri uhodari wa mikono yao katika gitaa.

Fungu la tatu ni vijana wa nyumba za Kikristo. Hao walifurahi kwa sababu walikuwa wameambiwa wachague: ama sauti waipendayo, ama Bwana wao. Santuri ile ikawaonyesha kwamba haikuwapasa kuchagua. Mtu asiwacheke. Kijana asikiapo jina la Mwokozi katika sauti ya rika lake, huona kana kwamba ameitwa kwa jina lake mwenyewe.

Basi ni fungu gani lililosema kweli? Sikilizeni yaliyotokea. Mwaka 1988 yule mhubiri aliyekemea alisimama mbele ya kanisa lake, akalia machozi, akakiri kwamba ametenda dhambi. Habari ikaenea ulimwenguni. Nao waimbaji, mwaka 1990, walitoa santuri nyingine, wakaiacha milia yao, wakaacha na kumtaja Bwana wazi wazi kama zamani. Baadaye walieleza wenyewe kwamba siku zile walikuwa wameingia katika ulevi. Kundi likavunjika, na baada ya miaka kupita likarudi tena, likaimba imani yake kama kwanza.

Angalieni: mhubiri hakuangushwa na gitaa, maana gitaa la namna ile alilikataa. Waimbaji hawakulindwa na maneno mema ya nyimbo zao, maana waliyaimba usiku baada ya usiku na bado wakateleza. Adui hakuingia kwa mlango wa sauti kwa upande wowote. Aliingia kwa mlango ule ule aingiao kwetu sote, nao ni moyo usiolindwa. Asemaye kwamba sauti fulani ina Shetani ndani yake amemtafuta mwizi barazani, naye mwizi yuko chumbani.

Tena tusiseme mambo haya ni ya Wazungu, hayatuhusu. Shauri hili tulikuwa nalo sisi wenyewe zamani kuliko wao. Babu zetu walipobatizwa pwani hii walipewa nyimbo zilizofasiriwa kwa Kiswahili kizuri, na Askofu Edward Steere wa Unguja ni mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Lakini sauti za nyimbo zilikuwa za Ulaya. Katika makanisa mengi ngoma iliachwa nje ya mlango pamoja na viatu vya matope. Iliambiwa kwamba imezoea mapepo na pombe. Hoja ni ile ile aliyoisema baba wa kijana wetu.

Kisha mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliwafundisha wavulana na walimu wao Misa yenye maneno ya Kilatini, ikiimbwa kwa namna ya Waluba na kupigiwa ngoma. Waliipeleka Ulaya mwaka ule ule, na santuri yao, Missa Luba, ikasikilizwa katika nchi nyingi. Kwetu Tanganyika, Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, na mwaka 1963 akatoa kitabu cha kupatanisha sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa agizo kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Walutheri nao walikuwa na Howard Olson, mwalimu wa Makumira karibu na Arusha, aliyekusanya nyimbo za makabila akazipa maneno ya kanisani. Leo hii ngoma iliyozuiliwa mlangoni imekaa karibu na madhabahu, wala hakuna anayeshtuka.

Hata katika siku za karibu mambo ni yale yale. Rose Muhando, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya Kianglikana huko Dodoma, alitoa nyimbo zake za Mteule Uwe Macho, na katika tuzo za nyimbo za Injili za Tanzania za mwaka 2004 zikahesabiwa kuwa bora. Wako waliobarikiwa sana, na wako waliokunja uso kwa ajili ya kucheza kwake na vishindo vya ala zake. Tena wote wawili huweza kuketi katika benchi moja.

Sisi watu wa Pujini tuna mfano wa karibu zaidi. Zumari na ngoma zinazovumishwa uwanjani siku ya mchezo wa ng'ombe hazina tofauti na zile zinazomsindikiza bibi arusi. Aliyezipiga ndiye ajuaye amezipigia nini. Tena kisiwa hiki kimeona na ibada isiyo na sauti kabisa, kwa maana jamaa wa Marafiki, walioanza kazi yao hapa Banani mwaka 1897 kwa ajili ya watumwa waliokuwa wakipata uhuru, ni watu ambao ndugu zao katika Uingereza huabudu kwa kuketi kimya. Kama ukimya ni ibada na ngoma ni ibada, nani atatunga sheria ya kipimo cha sauti?

Maandiko nayo hayatupi sheria hiyo. Zaburi ya 150 yahesabu baragumu, vinanda, matari, zeze, filimbi na matoazi yenye kuvuma sana. Hiyo si ibada ya watu waoga wa kelele. Lakini nabii Amosi, katika mlango wa tano, atuambia kwamba Mungu huchoshwa na nyimbo za watu wasiotenda haki. Naye Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika mlango wa 14, ataka wimbo uimbwe kwa roho na kwa akili pia, wala hapendi sauti isiyofahamika na wasikiao. Hapo ndipo penye upungufu wa metali. Mara nyingi maneno humezwa na magitaa, hata msikilizaji asijue kama amesikia sala au laana. Kanisa la Kilutheri la Finland lilipoanza ibada ya metali huko Helsinki mwaka 2006, lilichukua nyimbo za kitabu chao cha nyimbo, maneno ambayo waumini huyajua tangu utoto. Huo ulikuwa uangalifu mwema.

Basi sasa namjibu baba. Ulitenda vema kuilinda nyumba yako, maana ndiyo kazi uliyopewa. Hukutenda vema kutoa hukumu kabla ya kusikia ushahidi. Mwite mwanao jioni moja, umwambie alete wimbo aupendao kuliko zote. Usikilize mpaka mwisho, hata kama meno yatakuuma. Kisha akusomee maneno yake, na kama ni ya Kiingereza akufasirie. Asipoweza kukufasiria, hapo mtakuwa mmejua wote wawili kwamba hakuwa akisikiliza maneno. Akiweza, mtakuwa na jambo la kuzungumza, na pengine mtafungua Biblia pamoja.

Nawe kijana, neno lako ni hili. Unasema nyimbo hizo ni za Yesu. Kama nyimbo za Yesu zimekutoa katika sala ya Yesu, zimekufaa nini? Sauti yo yote, nzito au nyororo, ikikuondoa katika mkeka wa baba na mama yako, imekwisha kuwa sanamu. Rudi usali leo, usingoje baba akubali muziki wako kwanza.

Liko na neno la jirani, nalo ni kwa nyumba zote. Katika Pujini sisi Wakristo tu wachache, na jirani zetu wengi ni Waislamu waliotutendea wema katika misiba na arusi. Ukuta wa udongo hauzuii sauti. Yuko mgonjwa, yuko mama aliyejifungua jana, yuko mzee asikilizaye adhana. Sifa inayomnyima jirani usingizi humsifu mwimbaji peke yake. Wala nisiwaseme wapenda metali tu. Kwaya zetu za mkesha, zenye vipaza sauti juu ya mnazi, na zijipime kwa kipimo hicho hicho.

Walimu wenzangu, msimwaibishe kijana mbele ya darasa kwa ajili ya wimbo. Mwambieni asimame awaeleze wenzake maana yake. Kama wimbo una kitu, wote watafaidi. Kama hauna, atakuwa wa kwanza kuona haya.

Nangoja barua zenu, hasa za akina mama, ambao husikia yote yanayopigwa nyumbani na hawaulizwi. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumza habari za mahari na deni la arusi. Amani ikae nyumbani mwenu.