Timu za miji midogo ni amana, si bidhaa

SUALA la mpira wa miguu katika miji yetu midogo limekwisha kuvuka mipaka ya mchezo. Mtu apitaye Nyaishozi wakati wa alasiri hakosi kuwaona vijana wakiufukuza mpira, na pembeni wazee waliotoka migombani wamesimama kutazama. Vijana hao hawachezi kwa kukosa shughuli. Wanacheza kwa sababu tumewaambia kwamba ipo ngazi: kijana ataanza ligi ya wilaya, ataingia ya mkoa, na akijaliwa atapanda madaraja mpaka Ligi Kuu. Hapana budi tujiulize kama ngazi hiyo bado imesimama, au vimebaki vidato vya juu tu na vya chini vimeng'olewa.

Mkoa wetu una sababu ya kuuliza. Wenye umri wa makamo wanaikumbuka RTC Kagera, timu iliyobebwa na kampuni ya biashara ya mkoa. Makampuni hayo yalipokufa, na mashirika ya umma yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990, timu nyingi zilizokuwa mgongoni mwake kote nchini zilianguka nayo. Baadaye kiwanda cha sukari cha Misenyi kilitupa Kagera Sugar, ambayo kwa takribani miaka ishirini iliujaza uwanja wa Kaitaba. Mwaka 2025 timu hiyo iliteremka daraja. Kuteremka si aibu, maana mpira una kupanda na kushuka. Aibu ni kwamba ilipoteremka, mkoa mzima wenye watu wa Karagwe, Kyerwa, Ngara, Muleba na Biharamulo haukuwa na timu nyingine ya kushika nafasi yake. Tulikuwa tumeegemea nguzo moja, nayo si ya kwetu bali ya kiwanda.

Yako mambo mazito kuliko kuteremka. Tarehe 29 Novemba 2022, huko Ubaruku wilayani Mbarali, timu ya Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kukatisha mfululizo wa mechi 49 za Ligi Kuu ambazo Yanga ilikuwa haijapoteza. Oktoba 2023 ikaifunga tena, kwa mabao hayo hayo. Wilaya ya wakulima wa mpunga ikatajwa nchi nzima. Lakini kabla msimu huo wa 2023/24 haujamalizika timu ilikuwa imehamia Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Hatuna ugomvi na ndugu zetu wa Singida, wala hatudai kwamba sheria ilivunjwa. Tunalosema ni kwamba Mbarali haikushindwa na mpinzani yeyote uwanjani, iliondokewa. Ikiwa jambo hilo linawezekana bila sheria kuvunjwa, basi sheria yenyewe ndiyo yenye upungufu.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, mchezo wa besiboli ulikuwa na timu ndogo katika miji mingi, zikiwalea vijana kwa niaba ya klabu kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2020 wakuu wa ligi kubwa walizipunguza timu hizo kutoka 160 hadi 120. Miji zaidi ya 40 ikajikuta nje ya mfumo. Mingine ilibuni ligi zake, mingine ilibaki na viwanja vitupu. Kosa la miji hiyo lilikuwa moja: ilikuwa na viwanja na mashabiki, lakini wachezaji na mishahara yao vilikuwa mikononi mwa klabu za mbali. Asiyeshika mpini hana la kusema panga linapohamishwa.

Wapo watakaotujibu kwamba timu haiendeshwi kwa mapenzi matupu. Ni kweli. Msafara wa kutoka Bukoba kwenda Mtwara huvuka nchi nzima, na wachezaji wanataka chakula, malazi na posho. Mwenye fedha anayeitoa kwa ajili ya vijana wetu anastahili shukrani. Lakini insafu haina budi kwenda pande zote mbili. Fedha ni zake. Jina, uwanja na miaka ya kushangilia ni vya wananchi. Mwanza wametuonyesha njia mojawapo: Pamba, ambayo ilikuwa bingwa wa Muungano mwaka 1990 na kisha ikapotea Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, ilirejea mwaka 2024 ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji. Na tusisahau Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe iliyopanda na kuutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Udogo wa mji haujawahi kuwa udogo wa miguu.

Ndugu zetu wa visiwani wana malalamiko yao, nayo ni ya haki. Kijana wa Bumbire, Goziba au Ikuza akitaka kucheza ligi ya wilaya, nauli ya mtumbwi pekee humwondoa mashindanoni kabla filimbi haijapulizwa. Ratiba nayo hupangwa na watu wa nchi kavu wasioulizia mwezi. Kila mvuvi anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, na kwamba mbalamwezi inapokuwa kubwa nyavu hupumzika. Siku hizo ndizo siku za mpira visiwani. Ratiba inayomwita mvuvi uwanjani katika siku za giza inamtaka achague kati ya mpira na chakula cha watoto wake, kisha tunaandika katika taarifa kwamba visiwa havikuleta timu.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo manne. Kwanza, Shirikisho la Mpira wa Miguu na Baraza la Michezo la Taifa waweke kanuni kwamba timu iliyojenga jina lake katika wilaya moja isihamishwe kabla wananchi na halmashauri ya hapo hawajapewa nafasi ya kwanza ya kuichukua. Pili, mkataba wa matangazo ya Ligi Kuu uliotiwa saini mwaka 2021 kwa miaka 10 una thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Sehemu yake, hata ikiwa ndogo, iteremke mpaka ligi za wilaya, kwani huko ndiko wanakozaliwa wachezaji wanaotazamwa. Tatu, viwanja vya vijiji na vya shule vipimwe na kupewa hati, ili kisije kikaota kibanda leo na ghala kesho. Nne, maofisa michezo wa wilaya zenye visiwa wapange ratiba pamoja na viongozi wa wavuvi, kwa kufuata mwezi.

Wananchi nasi tuna sehemu yetu. Klabu isiyo na wanachama wanaolipa ada, wanaosoma hesabu na kuchagua viongozi wao kwa haki, haina wa kuitetea siku mnunuzi anapobisha hodi. Sisi tulio katika Chama tunajua kwamba viwanja vingi vilivyo mikononi mwake vilijengwa kwa michango na jasho la wananchi wa itikadi zote. Navyo ni amana vilevile. Vitunzwe, na vifunguliwe kwa timu ndogo kwa ada wanayoimudu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kijana wa Nyaishozi na kijana wa Goziba wako tayari kucheza. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba wanapo pahala pa kupaita kwao.