Kupanda farasi freshi, kufundisha je? Mashabiki wa mdada huyu wapunguze jazba

Mitandaoni kumechafuka. Mdada mmoja Mbongo anayesomea ualimu wa kuendesha farasi huko Uingereza kaposti kwamba watahini wamemwambia arudie mtihani wa kufundisha. Mashabiki wamekuja juu: video kibao anaruka vizuizi, farasi anamsikiliza kama mtoto, sasa wanataka nini tena? Wengine wameshasema ni roho mbaya tu.

Hapo ndipo wanapochemka. Mtihani ule haukuwa wa kupanda farasi. Kwenye mitihani ya ualimu ya British Horse Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1947, mtu anapimwa akiwa anafundisha kweli, mtahini yuko pembeni anamwangalia.

Na anayeanza hahitaji mbwembwe. Kakalishwa juu ya mnyama wa karibu kilo 500, moyo unamdunda. Mwalimu lazima ahakikishe kofia ngumu imekaa sawa na viatu vina kisigino kidogo. Kiatu flati kinaweza kupenya chote kwenye kikuku, na mtu akidondoka anaburutwa. Mshipi wa tandiko unakaguliwa kabla hajapanda, kisha tena baada ya dakika chache, maana huwa unalegea. Ukiachwa hivyo, tandiko linageuka na mtu wake.

Mdada mwenyewe kakiri kwamba alirudia "kaa vizuri" weee, kisha akamruhusu mwanafunzi aongeze mwendo wakati bado ananing'inia kwenye hatamu. Sasa "kaa vizuri" ndiyo nini? Mwenye hofu hata hajui mgongo wake umekaaje. Anahitaji kuambiwa: tazama mbele, shusha kisigino, pumua. Na hatamu zile zimeungana na chuma mdomoni mwa farasi. Ukizivuta ili usianguke, unamuumiza, naye akianza kurusha kichwa, hofu inazidi maradufu.

Kuna watu wanapika pilau la hatari, lakini ukiwauliza chumvi kiasi gani wanakwambia "kadiria tu". Wapishi wazuri, walimu hamna. Kipaji kinaweza hata kumponza mtu: aliyezoea toka utotoni keshasahau kuogopa kukoje.

Ni kweli, kufundisha huku mtu anaandika makosa yako kwenye karatasi siyo mchezo. Hata fundi hutetemeka. Lakini kwenye uwanja ule aliyekuwa anatetemeka zaidi ni yule aliyekaa juu ya farasi, na hakuna shabiki hata mmoja aliyemuulizia.

Kurudia mtihani siyo aibu. Bora arudie yeye kuliko mtoto wa watu avunjike mkono siku ya kwanza. Akirudi huku anajua kumtuliza mwoga, hapo ndipo atastahili kuitwa mwalimu, na zile video zitabaki kuwa burudani.

Wadau, mngempa mtoto wenu mwalimu wa likes au mwalimu wa kukagua mshipi?