Sugua kisima kabla mvua haijagonga bati

Oktoba ndiyo hii. Korosho zinaokotwa, maghala yanaanza kujaa, na katika visima vingi vya hapa Newala, mkoani Mtwara, yamebaki maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, rangi yake kama chai ya rangi. Mvua tunaitazamia mwishoni mwa Novemba au Desemba. Katika mwaka mzima, hizi ndizo wiki pekee ambazo mtu anaweza kushuka kisimani na brashi bila kumwaga maji ya watu. Tunaomba zisipite bure.

Kisima cha Newala ni tangi la saruji lililochimbiwa uani, likalishwa na gata la paa la bati. Tumekuwa na visima hivi kwa sababu ardhi yetu haituachii njia nyingine. Mchanga wa Uwanda wa Makonde hunywa mvua yote inayoanguka, vijito havipo, na maji ya ardhini yako mbali. Tangu miaka ya 1950 maji ya bomba yamekuwa yakipandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, na uwanda huu umo pia katika mradi wa maji wa miji 28 uliosainiwa mwaka 2022 kwa mkopo wa India. Huo mradi tunauunga mkono kwa moyo wote. Lakini pampu ikisimama, au zamu ya mgawo isipofika mtaani kwako, unarudi kwenye kisima, simtanki, pipa na ndoo. Hata mwenye bomba uani huhifadhi.

Vikao vya maji vinazungumza lita na mabilioni. Chombo kinachopokea maji hayo hakizungumzwi. Maji yanaweza kutoka Mitema yakiwa safi na yenye klorini, yakaingia kwenye simtanki lenye tope kimo cha kiganja, na mama akachota humo ya kumpa mtoto.

Newala ina sababu yake ya kulishika jambo hili kuliko wilaya nyingine. Mwaka 1952 na 1953 watu wa uwanda huu walipatwa na homa iliyowaumiza viungo hadi wengine wakashindwa kusimama wima. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa hospitali ya misheni ya Lulindi, na W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe waliuandika ugonjwa huo mwaka 1955, na dunia ikaupokea kwa jina lake la Kimakonde: chikungunya. Lumsden alimkuta mbu aina ya Aedes aegypti akizaliana kwenye vyombo vya maji ndani ya nyumba. Maji yalikuwa haba, watu wakayaweka kwa muda mrefu, mbu akapata makazi kando ya kitanda.

Yaliyotokea hapa yametokea kwingine. Lamu, nchini Kenya, ilipopigwa na ukame mwaka 2004, watu walihifadhi maji yao muda mrefu bila kuyabadilisha, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba robo tatu hivi ya wakazi waliambukizwa virusi hivyo. Mwaka 2005 na 2006 kisiwa cha Réunion kikaugua, karibu mtu mmoja kati ya kila watatu. Na Aedes aegypti ndiye aliyeeneza homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kumwaga maji kunatosha. Jike la Aedes halitagi majini. Hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Pipa ulilolimwaga Julai na kulianika uani hadi Novemba bado linaweza kuwa na kizazi kizima kimeshikilia ukutani. Mvua ya kwanza ikiyafikia, yanaanguliwa, na baada ya siku saba hadi kumi mbu anaruka. Kwa hiyo chombo husuguliwa, kwa brashi ngumu na sabuni, na mkazo uwe kwenye ule mstari mweusi ulioachwa na maji. Mapipa na mitungi ya ndani isuguliwe kila wiki. Kisima na simtanki angalau mara moja kwa mwaka, yaani sasa.

Miongozo ya kimataifa ya kusafisha matangi husema: sugua, suuza, kisha jaza tangi maji yenye gramu 80 za klorini ya unga kwa kila lita 1,000, acha saa 24, halafu mwaga yote. Kwa kisima cha lita 20,000 hapa kwetu, mwongozo huo hautekelezeki. Nani atamwaga lita 20,000 mwezi wa Oktoba? Ipo njia inayotumia ndoo moja au mbili tu. Chota maji yaliyobaki uyaweke kwa ajili ya kufyatua tofali au kumwagia miche. Kusanya tope kwa beleshi na debe. Sugua kuta, sakafu na upande wa ndani wa mfuniko. Halafu weka kwenye ndoo ya lita 20 nusu kikombe cha chai, yaani kama mililita 120, ya dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 3.5 na isiyo na manukato, na upake kuta zote kwa brashi. Subiri nusu saa, suuza, toa maji ya suuzo. Basi. Maji yatakayoingia baadaye bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa kidonge cha klorini kabla ya kunywewa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kuosha kisima hakuondoi kazi hiyo.

Anayeshuka asishuke peke yake. Kisima kilichofungwa muda mrefu kinaweza kuwa na hewa isiyofaa kuvutwa, na mtu huzimia kabla hajapiga kelele. Funua mapema, acha kipigwe upepo kwa saa kadhaa, mfunge anayeshuka kamba kiunoni, na mtu mwenye nguvu akae mdomoni pa kisima muda wote. Akianguka huko chini, avutwe kwa kamba. Wa pili asimfuate. Pampu ya petroli isishushwe ndani, moshi wake unaua. Klorini isichanganywe na dawa ya kusafishia choo wala siki. Watoto wasitumwe kazi hii kwa sababu tu wanapita kwenye mlango mdogo.

Kisha paa. Nyumba zetu zimezungukwa na mikorosho, na kuanzia Mei au Juni mashine za kupulizia salfa zinanguruma kila upande kupambana na ugonjwa wa ubwiriubwiri. Vumbi lile la njano halichagui, hutua kwenye majani na kwenye bati pia. Wengine hupulizia viuatilifu vya maji, ambavyo ni vibaya zaidi. Ongeza kinyesi cha ndege, majani makavu na mjusi aliyefia kwenye gata, na mvua ya kwanza itayasomba yote hadi kisimani. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 6 linaoshwa na lita 60 za mwanzo, madumu matatu. Kichomoe kipande cha bomba kinachoingia kisimani, maji hayo yaende bustanini, kisha ukirudishe. Paa hilo hilo, kwa mvua ya milimita 900 za msimu na baada ya kuondoa kinachopotea, linaweza kukupa zaidi ya lita 40,000. Madumu matatu si hasara.

Na madumu ya viuatilifu yasigeuzwe ya maji, hata yakioshwa kwa mchanga na sabuni mara ngapi. Tunayaona kwenye magulio, na wauzaji wake tunawaomba waache. Yatobolewe.

Mdomo wa kisima nao utazamwe. Katika nyua nyingi, mfuniko ni kipande cha bati kilichokandamizwa kwa jiwe. Debe la kuchotea limelazwa mchangani, kamba yake imeburuzwa pale kuku wanapochakura, na mchotaji anayefuata anaitumbukiza yote. Msumari mmoja ukutani wa kutundikia debe na kamba ungebadilisha mengi. Mfuniko uwe mzito na ukae sawasawa, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya mtoto anayetambaa. Bomba la kutolea maji yaliyozidi lifungwe kipande cha wavu. Hata chandarua kilichochakaa kinafaa.

Hayo ni ya nyumbani, na mwenye nyumba anayaweza. Matangi ya umma ni habari nyingine. Shule, zahanati, misikiti, makanisa na vioski vya maji vina matangi yanayonywesha mamia ya watu, na kwa mengi hakuna anayejua yalifunguliwa lini. Tangi la shule ni la nani? Mwalimu mkuu anasema la kijiji, kijiji kinasema la mradi, na mradi ulishakabidhi. Tunataka majibu ya wazi. Halmashauri ya Mji na ya Wilaya zitenge fedha za brashi, klorini na kibarua kwa kila shule na zahanati. Ni fedha ndogo mno ukilinganisha na vitanda vya wagonjwa. RUWASA, wakala wa maji vijijini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na jumuiya za watumia maji zilizo chini yake ziweke usafishaji wa matangi kwenye bajeti zinazosomwa mbele ya wananchi. Maafisa afya wa kata waanze ukaguzi mwezi huu, wapande ngazi, wafunue, wamulike tochi ndani. Kuangalia koki ikitoa maji hakutoshi.

Wenzetu wa Masasi, wanaopata maji ya chanzo cha Mbwinji, wasidhani wamesalimika kwa kuwa wako chini ya uwanda. Simtanki la Masasi huota ute sawa na la Newala.

Na kila tangi la umma likishasafishwa, tarehe iandikwe ubavuni kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa, mahali ambapo mtoto aliyepanga foleni na ndoo yake anaweza kuisoma.