Mkufunzi Naye Afundwe

Kizota ni kata ya kazi. Anayetoka katikati ya Jiji la Dodoma kwa barabara ya Singida hukutana na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), malori ya nafaka, gereji, wachomeleaji wa mageti na mashine za kukamua alizeti. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, jiji limepanuka upesi, na mahitaji ya mafundi yamepanuka nalo. Anatafutwa fundi umeme, fundi magari, mpima nafaka, mtunza ghala.

Mafundi hao huandaliwa vyuoni. Lakini kila vyuo vinapozungumzwa, yanayotajwa ni majengo, mitambo na idadi ya wanaodahiliwa. Mkufunzi hatajwi. Hudhaniwa kwamba aliyeimudu fani yake ameumudu pia ufundishaji wake, na kwamba alichojifunza hadi siku ya kuhitimu kitamtosha hadi atakapostaafu. Dhana hiyo haina ukweli, na wanaoumia kwa sababu yake ni wengi kuliko wanaoketi madarasani.

Ichukuliwe nafaka. Mwaka 2016 ugonjwa ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, hasa zikihifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Sumu hiyo hushambulia ini, na kupika ugali hakuiondoi. Kinga yake kubwa iko shambani na ghalani: kuvuna kwa wakati, kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kuhakikisha unyevu umeshuka hadi asilimia 13.5 au chini yake ndipo yafungwe kwenye magunia. Anayetakiwa kumwonyesha mkulima hayo ni afisa ugani, na afisa ugani alifundishwa na mkufunzi. Mkufunzi akiishia kuandika asilimia hiyo ubaoni, wanachuo wakainakili kwa ajili ya mtihani, atahitimu afisa asiyewahi kushika kipima unyevu. Huyo atamshauri mkulima kwa kukisia.

Au liangaliwe gari. Mkufunzi aliyesoma enzi za kabureta hukabidhiwa leo wanafunzi watakaotengeneza magari yanayoendeshwa kwa sensa na kompyuta. Fundi wa gereji amelazimika kujifunza mambo hayo, kwa sababu mteja amesimama mlangoni anasubiri gari lake. Mkufunzi hana mteja wa kumlazimisha. Notsi zake za zamani zinaendelea kujaza kipindi, na mtihani unaotungwa kutokana na notsi hizo unaendelea kufaulisha.

Si kwamba nchi haina pa kuanzia. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na huko Kihonda, Morogoro, kipo chuo cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wataalamu wa elimu. Kwa walimu wa shule upo mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowakutanisha walimu shuleni kwao na kwenye vituo vya walimu. VETA imejaribu pia uanagenzi pacha, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na kiwanda. Kinachokosekana ni mpango wa kudumu utakaomshika mkufunzi wa chuo cha kati, awe wa kilimo, afya, biashara au ufundi, tangu mwezi wake wa kwanza kazini.

Badala ya mpango huo, mara nyingi huletwa semina. Wakufunzi huitwa hotelini siku tatu, huonyeshwa slaidi, hupigwa picha ya pamoja, hupokea posho na vyeti, kisha hurudi kwenye darasa lilelile. Hakuna anayekwenda kuangalia kama kipindi chochote kimebadilika. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tanzania imewahi kuthubutu makubwa zaidi ya hayo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipoamua kila mtoto apate elimu ya msingi, vyuo vya ualimu havingeweza kutoa walimu wa kutosha. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa wakiwa kazini: walifundisha na kusoma kwa wakati mmoja, kwa masomo ya posta na ya redio, na kwa kusimamiwa karibu na shule zao. Walimu hao wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wamelaumiwa sana kwa uchache wa elimu waliyoanza nayo, na lawama hiyo ina msingi. Lakini mpango wao ulithibitisha jambo moja ambalo vyuo vya leo vimelisahau: mafunzo yanaweza kumfuata mtu kazini kwake, mwaka hadi mwaka, bila shule kufungwa. Wakufunzi wa leo wameanza na elimu kubwa zaidi na wana simu za mkononi. Kwao kazi hiyo ni nyepesi zaidi.

Basi, kwanza, mpango wenyewe na uanzie darasani. Kabla ya kuandika mada yoyote, waandaaji na wakae nyuma ya darasa na pembeni mwa karakana, waone mkufunzi anavyouliza maswali, anavyogawa vifaa, anavyopima kazi ya mikono. Yale yanayoonekana hapo ndiyo yawe mada.

Pili, mkufunzi na afundishwe kufundisha: kuandaa kipindi, kuonyesha hatua ya kazi na kumwacha mwanafunzi airudie, kutunga mtihani unaopima uwezo wa kutenda. Mfumo wa kujenga umahiri unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) unadai hayo, na hayaji yenyewe kwa kuandikwa kwenye mtaala.

Tatu, kila mkufunzi na arudi kazini kwa majuma kadhaa kila mwaka, na Dodoma isitafute mbali. Mkufunzi wa kilimo apokelewe ghalani, apime nafaka pamoja na wapimaji. Wa magari aingie gereji na kuvaa ovaroli. Wa usindikaji akae kwenye mashine ya alizeti hadi aelewe kwa nini mashudu mengine hutoka yakiwa bado na mafuta mengi. Fundi asiye na cheti lakini mwenye ujuzi aheshimiwe kama mwalimu wake kwa majuma hayo, na alipwe kwa muda anaoutoa.

Nne, mkufunzi mgeni apewe mlezi, mkufunzi mzoefu wa chuoni hapo, na mlezi huyo apunguziwe vipindi. Bila kupunguziwa, malezi yatabaki kwenye karatasi.

Wakuu wa vyuo watasema wakufunzi ni wachache na vipindi ni vingi. Ni kweli. Ndiyo maana mafunzo yagawanywe kwa zamu, wakufunzi wachache kila muhula, na mengi yafanyike chuoni penyewe. Watasema pia fedha hakuna. Fedha za posho na kumbi za semina zipo; sehemu yake ihamishiwe kwenye nauli za kwenda viwandani, vipima unyevu na malipo ya walezi.

Hoja hii ina haraka. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulianza katika shule za sekondari mwaka 2024, na watakaoufundisha hawana budi kuandaliwa na wakufunzi wanaoijua kazi yenyewe. Bunge hujadili bajeti jijini Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni kila mwaka, safari fupi kutoka Kizota. Wizara ya Elimu na ilete katika bajeti hiyo kifungu kinachojitegemea cha mafunzo ya wakufunzi, na wabunge wasipokiona kifungu hicho wakiulizie. Wakuu wa vyuo vya Dodoma nao wasisubiri mwaka wa fedha uanze Julai: barua ya kuomba nafasi ya wakufunzi wawili katika gereji au ghala la Kizota inaweza kuandikwa juma hili.